Upepo wa Upande wa Mama

Nimeendesha lori la viazi kutoka Molo miaka mingi, na kitu ninachokijua ni upepo wa tairi. Shule sikufika mbali, lakini tairi naisoma kwa kuipiga teke. Kwa hivyo binti yetu alipotuletea godoro la upepo kutoka Nakuru, nilimwambia aniachie mimi.

Lilikuwa la mama watoto. Mgongo ulikuwa unamsumbua, na alikuwa ameshasema: hili likishindwa, anahamia kitanda cha jikoni, peke yake. Sisi hatujawahi kulala mbalimbali, ila nikiwa safarini.

Godoro lina mifuko miwili ndani, kila mtu na upande wake, na kipampu kinachonguruma kama paka aliyeshiba. Unabonyeza rimoti, upepo unaingia au unatoka. Chini tulitandika blanketi, maana baridi ya Molo hupanda kutoka sakafuni. Mimi nikawaza kidereva: mzigo mzito, upepo mwingi. Nikajaza upande wake mpaka ukiugonga unalia kama ngoma.

"Mzee, umenilaza juu ya gunia la viazi," akasema asubuhi, ameshika kiuno.

"Si ni wewe tani mbili."

"Tani mbili ni hiyo kichwa yako."

Nikaongeza upepo. Aibu yenyewe ni kwamba mimi, upande wangu, nililala kama mtoto.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, akakunja blanketi lake, akalitia kwapani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani, ng'ombe unawasikia lakini huwaoni. Nikamtazama akielekea mlangoni, na sijui kwa nini nikaiona ile barabara ya Mau Narok wakati wa mvua. Tulipozama matopeni na mzigo, hatukuongeza upepo. Tulitoa. Tairi inalegea, inatandaza mguu, lori linatoka polepole kama linaelea.

"Mama, rudi kidogo. Dakika tano tu."

Akajilaza na viatu vyake, blanketi bado kwapani. Nikabonyeza. Upepo ukatoka fyuuu, taratibu. Nyonga ikazama, bega likazama, kiuno kikapata cha kukiegemea.

"Hapo," akasema, macho ameyafumba. "Usiguse tena."

Sikugusa. Ukungu ukatuzunguka, nyumba nzima ikawa kama imeng'oka chini na inakwenda. Nilipomsikia anakoroma, nikalivuta lile blanketi kwapani, nikamfunika nalo.