Kubadilishana Madume Nzega

Mtu wa kwanza kuja kununua kondoo kwangu alitaka kitoweo cha harusi. Alisimama nje ya uzio, akawatazama kwa muda, akasema hajawahi kuona kondoo waliovaa makoti. Nilipomwambia kwamba hawa si wa kuchinja, ni wa mbegu, alinitazama kwa huruma kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, akaniaga vizuri, akaenda zake mnadani.

Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza Makete, kule juu kwenye baridi, ambako jirani yangu alifuga kondoo wa sufu na kuwakamua majike kwa ajili ya wajukuu zake. Yeye ndiye aliyenifundisha kukamua na kukata manyoya kwa mkasi bila kumjeruhi mnyama. Nilipoagwa shuleni aliniuzia majike watatu na dume mmoja. Nilisafiri nao kwa lori la viazi hadi Tabora, mimi mbele na dereva, wao nyuma katika nafasi waliyotengewa kati ya magunia. Kila tuliposimama nilishuka kuwatazama. Dereva alikuwa akicheka mwanzoni, lakini tulipofika Sikonge alikuwa akishuka yeye kabla yangu.

Nyumba niliyoirudia ni ya marehemu mama, nje ya mji, upande wa Kwihara. Sikuolewa, sikuzaa, na mdogo wangu pekee aliyebaki anaishi Dar es Salaam. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Watalii wachache wanaokwenda kuangalia nyumba ya zamani ya misafara hupita mbele ya uzio wangu, na wengine hunipungia mkono kutoka dirishani mwa gari. Kuna siku ambazo huo ndio mkono pekee ninaopungiwa.

Kondoo walipata shida na joto. Ilinibidi kuwakata manyoya mara mbili kwa mwaka, na kuwajengea banda lenye paa la nyasi, maana chini ya bati walikuwa wakihema kama waliokimbizwa. Majirani hawakunywa maziwa yao. Walisema yananuka, ingawa hakuna aliyeyaonja. Taratibu, hata hivyo, wateja walipatikana. Masista fulani walinunua sufu kwa ajili ya kufuma kofia za watoto. Fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Ng'ambo alijaribu kuijaza kwenye mito, na mito ikapendwa. Familia mbili tatu za wakulima wa Ulyankulu zilichukua majike wa kukamua, kwa sababu zilikuwa na watoto wengi na hazikuwa na uwezo wa kununua ng'ombe.

Lakini biashara ya mbegu ina upweke ambao sikuutegemea. Muuza nyama humwona mteja wake kila wiki. Mimi, nikimuuzia mtu jike zuri na dume asiye ndugu yake, nikamweleza chakula, dawa ya minyoo na jinsi ya kuzalisha, basi nimemaliza. Kadiri nilivyofanya kazi yangu vizuri, ndivyo mteja alivyokosa sababu ya kurudi. Wengine walipiga simu mwezi wa kwanza, kisha simu zikakoma, nami nikajua kwamba mambo yanaenda sawa.

Aliyerudi alikuwa mmoja tu. Alikuja kutoka Igunga siku ya mvua, mwanamume wa makamo aliyekwisha kustaafu, aliyekuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Hakuuliza bei. Alivua viatu, akaingia zizini, akapitisha vidole kwenye manyoya ya kila kondoo, akiyafunua hadi kwenye ngozi.

"Nyuzi zake ndefu," akasema. "Pamba yetu haifiki urefu huu."

Alinunua majike wawili. Dume nilikataa kumuuzia, kwa sababu wote niliokuwa nao walikuwa ndugu wa majike hao. Nilidhani atakasirika. Badala yake alitoa daftari dogo mfukoni, akaniomba nimwandikie yupi mama wa yupi. Miezi michache baadaye alipiga simu kunieleza kwamba amepata dume kutoka Njombe, wa ukoo mwingine kabisa.

"Sasa Mwalimu," akasema, "wewe una damu yako na mimi nina yangu. Wakikua tubadilishane madume."

Ndivyo tulivyoanza. Kati ya Tabora na Igunga, Nzega ipo katikati, na ndiko tulikokutana. Kila mmoja alichukua kibali kwa afisa mifugo wa kwake, akamfunga dume wake miguu, akamwingiza kwenye gunia na kumwacha kichwa nje, akambembeleza konda ampe nafasi kwenye buti. Mara ya kwanza nilifika nikiwa nimechafuka kinyesi mpaka kwenye kanga, naye akashuka kwenye basi lake akiwa hivyohivyo. Tulitazamana, tukaenda kunawa kwenye bomba la stendi kabla hata ya kusalimiana.

Kubadilishana kwenyewe hakukuchukua hata nusu saa. Tuliwatazama meno, kwato na mapumbu, tukabadilisha karatasi, kila mmoja akahamishia kamba mikononi mwa mwenzake. Lakini basi langu la kurudi lilikuwa alasiri na lake pia, kwa hiyo tuliingia kwa mama ntilie mmoja jirani na stendi, madume wakalala chini ya benchi, tukaagiza wali na maharage. Tukala polepole. Alizungumzia mashine za kiwanda, jinsi alivyoweza kujua kwa sauti tu ni msumeno upi wa kuchambulia pamba umelegea. Mimi nilizungumzia Makete. Aliniambia mke wake alifariki zamani, watoto walikuwa na maisha yao. Hakulisema kwa kulalamika.

Tuliamua kufanya hivyo kila baada ya miaka miwili, kwa sababu dume akikaa zaidi ya hapo huwapanda binti zake. Katikati tulipigiana simu, na kila simu ilikuwa ya kondoo. Jike kakataa kunyonyesha. Kuna kikohozi. Kuna mvua mapema mwaka huu, kuwa mwangalifu na kwato. Sikumbuki hata mara moja mmoja wetu alipiga bila kuwa na kondoo wa kumzungumzia, ingawa nakiri kuna nyakati nilitafuta ugonjwa mdogo zizini ili niwe na sababu.

Mara ya pili pale Nzega, tulipokwisha kula, alikunywa chai yake akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," akasema, "hivi tukiwaweka wote kwenye zizi moja, si ingekuwa rahisi?"

"Rahisi vipi?"

"Hizi safari. Vibali. Dawa tungenunua pamoja. Kwangu Igunga nafasi ipo."

Nilimjibu palepale, kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi waliokosea hesabu. "Fundi, tukiwaweka zizi moja, damu mpya tutaitoa wapi? Baada ya miaka minne wote watakuwa ndugu."

Akaitikia kwa kichwa. "Kweli," akasema. "Hilo sikulifikiria."

Akalipa chakula, akanisaidia kumpakia dume, tukaagana. Basi lilipofika Puge, watu wakishuka kununua mahindi ya kuchoma, ndipo nilipoelewa alichokuwa ameniuliza. Nilibaki nimekaa na mkoba wangu mapajani. Mama aliyekuwa kiti cha pembeni aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, ni joto.

Ningeweza kumpigia simu usiku uleule. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na tano na nilikuwa nimesimama mbele ya madarasa ya watoto themanini, lakini hilo sikuliweza. Nilijiambia kwamba mambo kama hayo husemwa ana kwa ana. Kwa hiyo nilikaa miaka miwili nikiandaa jibu. Nililiandaa nikikamua, nikifagia banda, nikikata manyoya. Nilikuwa hata nimelitafutia njia ya kuanzia: kwamba tungeweza kuwa na mazizi mawili katika uwanja mmoja, na damu mpya tungeifuata Njombe pamoja.

Siku ilipofika alikuwa amekonda na shati lilimpwaya. Alisema ni malaria, imekwisha. Tulipomaliza kukagua madume tukakaa mahali petu, nikaanza.

"Fundi, lile ulilosema safari iliyopita, kuhusu zizi moja..."

"Ah, Mwalimu," akanikatiza, akiinua mkono kwa upole. "Ulikuwa sahihi. Nilirudi nikalisoma daftari upya. Wangechanganyika vibaya. Usinifikirie kwamba sikuelewa somo."

Alisema hivyo kwa heshima kabisa, ili nisipate taabu ya kurudia kukataa. Tukaongea habari za bei ya dawa ya kuogeshea mpaka basi lake likapiga honi.

Mwaka uliofuata simu yake haikupokelewa kwa siku kadhaa. Sikushtuka, maana huko kwao mtandao hupotea. Jumamosi moja ikapokelewa na sauti ya kijana.

"Wewe ndiye Mwalimu Kondoo?" akauliza.

"Ndiye mimi. Naomba kuongea na Fundi."

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanawe. Baba tulimzika wiki mbili zilizopita. Tuliliona jina kwenye simu yake, ila hatukujua ni nani. Tulidhani ni mtu wa dukani."

Nilimpa pole. Nikamwuliza kondoo wako wapi. Najua si swali la kuuliza kwanza, lakini ndilo lililonitoka. Akasema baadhi wamechinjwa msibani, waliobaki wanatafutiwa mnunuzi.

Keshoye nilipanda basi, nikapita Nzega bila kushuka. Nyumba yake sikuwahi kuiona. Ilikuwa safi, yenye uwanja uliofagiliwa na zizi bora kuliko langu: sakafu imeinuliwa kwa mbao, hori la maji limetengenezwa kwa kipande cha bomba la kiwandani, kila kondoo na hereni yake yenye namba. Walikuwa wamebaki majike watatu. Dume niliyemkabidhi Nzega alikuwa ameliwa siku ya maziko.

Mkwewe, mwanamke mchangamfu mwenye mtoto mgongoni, aliniletea kiti na uji. Tulipokaa akaniuliza bila ubaya wowote, "Samahani mama, wewe ni nani yake marehemu?"

Nilifikiri. "Tulikuwa tunabadilishana madume," nikasema.

"Aa. Basi wewe ndiye wa Nzega." Akatabasamu. "Siku ya kwenda Nzega alikuwa hali kitu asubuhi. Ukimtengea chai anasema atakula hukohuko."

Nilikunywa uji wangu. Ulikuwa wa moto sana, ikanibidi kutazama chini kwa muda mrefu.

Niliomba kuonyeshwa kaburi, wakanipeleka. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Kisha nikawanunua wale majike watatu kwa bei waliyoitaka, na mwanawe akanisaidia kutafuta gari dogo la mizigo lililokuwa linarudi Tabora tupu. Daftari nililiulizia. Walilitafuta kwa bidii, wakapekua mpaka chini ya godoro, hawakuliona. Pengine lilizikwa naye ndani ya koti, pengine lilichanwa likawashia moto. Sikutaka kuwasumbua zaidi.

Nyumbani nilikuta tatizo ambalo yeye angeliona mara moja. Dume pekee niliyekuwa naye ni yule aliyenipa, na huyo alikuwa kaka wa majike niliowaleta. Mmoja wao alikuwa amekuja na mimba ya dume wangu aliyechinjwa. Akazaa dume mzuri mwenye sufu nzito, ambaye alikuwa ndugu wa kila mmoja zizini mwangu. Nilimkuza nikampeleka Ulyankulu, kwa familia iliyokuwa na majike wa kienyeji. Mfugaji wa Njombe aliyempa Fundi dume sikumjua, na nilijaribu kumpata jirani yangu wa Makete, lakini namba yake ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, kijana wa Mbeya aliyenijibu kwa adabu kwamba nimekosea.

Mwishowe nilinunua dume wa kienyeji mnadani. Wanakondoo wanaozaliwa sasa wana sufu mgongoni na manyoya mafupi tumboni. Wanastahimili joto kuliko wazazi wao, na maziwa ya majike yanatosha, lakini sufu ya kuwapelekea masista inapungua kila msimu. Wateja nawaambia ukweli. Nasema huyu ni nusu, huyu ni robo, chagua ukijua. Wengi hawajali. Wanataka mnyama asiyeugua.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Sikonge, mrina asali, mwenye macho ya mtu anayejua mifugo. Alizunguka zizi lote, akasimama mbele ya mmoja wa majike wa Igunga, akamfunua manyoya kwa vidole viwili.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye wa mbegu."

"Huyo hauzwi."

"Kwa nini, dada? Ana nini?"

"Amezeeka," nikamwambia.

Akamfungua mdomo, akamtazama meno, ambayo bado yalikuwa mazima, akanitazama mimi. Alichagua jike mwingine, wa nusu, tukamfunga kamba, nikamsindikiza hadi barabarani akangojee gari.