Ukoka wa Bwana

Alikuwa Mwarusha wa mlimani, mzee, na kazi yake ilikuwa kupanda ukoka mbele ya nyumba ya Mjerumani niliyekuwa nikimpikia. Bwana alitaka majani yasiyodai maji wala kufyekwa. Kila asubuhi mzee alichuchumaa, akachimba kishimo kwa kidole gumba, akalaza kipande cha mzizi, akakigandamiza kwa kiganja, taratibu, kama anayelaza mtoto. Ng'ombe wake walikuwa wakifa kwa ukame, na ukoka ule hawakuruhusiwa hata kuunusa.

Siku moja ndama wake wa mwisho aliingia, akala. Askari akaja na kiboko. Mzee hakukimbia. Aling'oa ukoka kidogo, akauinua juu kwa mkono wa kulia. Kwao, aliyeshika majani anaomba amani, na hapigwi.

"Anasema nini huyu?" askari, mtu wa pwani, aliniuliza.

"Anaomba amani."

"Kwa majani ya Bwana?"

Akaongeza viboko vitano juu ya hamsa ishirini, vile ishirini na vitano vya kawaida. Alipoachiwa, mzee alitambaa hadi pale alipong'oa, akaurudisha ukoka kishimoni, akaugandamiza kwa kiganja, taratibu.