Mguu uligoma kuunga, nikamshuku baba mkwe

Wakuu, habari za humu ndani. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Asiyeamini apite tu.

Enzi za vijiji vya ujamaa, kule Usoke. Nilikuwa kijana, nina mke wangu Nyamizi.

Tukiwa tunahamisha nyumba, boriti ikaniangukia. Muundi wa mguu ukavunjika.

Baba yake Nyamizi alikuwa fundi wa kuunga mifupa. Akaunyoosha, akafunga vijiti, akasema miezi minne nitatembea.

Kwa kuwa siwezi kulima, kijiji kikanipa kazi ya kukaa: kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Nikahamia humohumo. Moshi wake, acha kabisa! Na misokoto yangu ya tumbaku juu yake.

Miezi sita ikapita, mguu ukiushika unacheza. Nikaanza kuwaza vibaya.

Kila mara baba mkwe akija kunikagua, ananusa shati langu. "Mwanangu, toka humu."

Nikajisemea, ahaa! Kauroga mguu, sasa anataka niache kazi nionekane mvivu, amchukue binti yake. Nikamwambia Nyamizi mbele za watu, "Rudi kwenu. Kamwambie baba yako uchawi wake nimeshaujua."

Akafunga kanga zake, akaondoka. Mimi nikajiona kidume. Mjinga mkubwa!

Mjomba akanipeleka hospitali Tabora mjini. Daktari akaangalia picha.

"Aliyekunyoosha ni fundi kweli. Unashinda wapi?"

Nikamweleza.

"Mfupa unaojiunga unataka oksijeni, na oksijeni inaletwa na damu. Damu yako imejaa moshi. Toka kwenye hilo bani, na tumbaku uache."

Hata yeye nilimshuku, nikadhani wamepanga na mzee. Ila nikatii. Baada ya miezi minne, natembea!

Nikaenda moja kwa moja ukweni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akainama, akapapasa muundi wangu taratibu. "Umeunga vizuri."

Nilimwomba msamaha huku nalia. Nikamuuliza, Nyamizi yuko wapi?

"Ameolewa Ipole, mwanangu. Nilimwambia akusubiri, akakataa. Alisema mguu utapona, ila wewe utamshuku tena."

Wakuu, ukivunjika, kaa mbali na moshi na sigara, mfupa unahitaji hewa. Na shaka zako zichunguze kabla hujazitamka.

Kuna aliyemtuhumu mtu bure humu? Ulirudi kwake ukasemaje? Mimi sikupata ujasiri wa kufika Ipole.