Siku Niliyomsemea Mwanangu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeingia Maskati nna kanzu mbili, nikabeba majora ya vitambaa mgongoni sokoni Matrah, na leo nna maduka matatu na nyumba Ghubra. Darasa la nne nimeliacha njiani. Wenye shahada nawaajiri.

Kwa hiyo daktari aliponambia kwamba mwanangu, tuliyemlea msichana, mwili wake una maumbile ya kike na ya kiume, sikushituka. Nikauliza natia saini wapi. Ana miaka kumi na sita, binamu yake keshamposa. Apasuliwe, abaki msichana, mambo yeshe.

"Saini yako peke yake haitoshi," daktari akasema. "Ipo kamati. Lazima mtoto aulizwe mwenyewe."

Kamati ilikuwa watu wanne na Kiarabu chao. Mwanangu katoka kwa bibi yake Unguja mwaka uleule, Kiarabu anakijua cha msahafuni tu. Nikasema nitatafsiri mimi.

Wakamuuliza anataka nini. Akatazama sakafu. "Sitaki kukatwa. Mwenyewe bado sijijui. Naomba muda."

Nikawageukia wale wakubwa, nikawaambia kwa Kiarabu, "Anasema, atakavyo baba yake."

Mwisho wa meza alikaa muuguzi mmoja, mama mtu mzima, miye nimemdhania Mwarabu wa Nizwa. Akaweka kalamu chini.

"Bwana we, mtoto hakusema hivyo," akanambia kwa Kiswahili. "Na mimi kwetu Unguja, Kikwajuni."

Na ni mimi niliyekuwa nikiwaonya wenzangu sokoni wasimsengenye mtu kwa Kiswahili, mji huu huwezi kujua nani katoka wapi.

Nikatolewa nje. Nikakaa saa nzima kwenye kiti cha plastiki, wao wanazungumza naye. Wakaamua hapasuliwi mpaka akue, aamue mwenyewe. Posa ikavunjika. Garini, tulipofika Ghubra, akanigeukia.

"Baba, usinisemee tena."

Nilichoka mwili mzima, kuliko siku za majora.

Riyali elfu tatu nilizoziweka nimpeleke Bombay akapasuliwe, kamati isituone, nikaziacha zilale. Baada ya miaka mitatu akanambia yeye ni mwanamume, na tiba anaitaka. Akaingia kwenye kamati peke yake, na Kiarabu chake kimenyooka. Mimi nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki. Hospitali ya serikali, hawakunidai kitu.

Alipotoka alikaa ubavuni pangu. "Baba, ninunulie chai."

Vikombe viwili, baisa mia mbili, hata robo ya riyali haifiki.