Chapa ya Chini

Bosi wangu pale Bariadi alifuta jina langu kwenye ripoti ya utafiti wangu wa uzamili, akaandika lake. Alisahau kwamba ripoti imo kwenye diski ya kompyuta niliyoiunda mimi katika utafiti huohuo. Ukifuta kitu, inakitunza kimyakimya, pamoja na saa uliyokifuta.

Wazo nililipata kijijini kwetu, Sola. Mwizi akimchoma ng'ombe wetu chapa mpya juu ya yetu, baba hunyoa manyoya pale, na kovu la zamani linajitokeza.

Siku ya kikao cha kuwasilisha ripoti kwa wageni, nilimwacha bosi asifiwe mpaka ashibe. Kisha nikaomba kuwaonyesha wageni jinsi diski hiyo “yake” inavyofanya kazi. Nilibonyeza mara moja tu. Jina langu likarudi kwenye ripoti iliyomulikwa ukutani, kubwa, na saa aliyolifuta.

Nikamkabidhi kipaza sauti, aendelee kuwaeleza.