Germaine na Kompyuta ya Papa Léonard

Germaine Mapalo hakuwahi kumheshimu mtu kwa sababu ya tai yake. Miaka kumi na minane alipiga chapa barua za mabwana wa ofisini, katikati ya jiji la Lubumbashi, akawasahihishia Kifaransa chao bila kuambiwa asante. Walipompunguza kazini alifungua kibanda cha kutengeneza kompyuta, ufundi aliojifunza mwenyewe kwa kufungua zilizokufa. Kwa hiyo Papa Léonard alipoweka kompyuta yake mezani na kusema ametoka kwa Adalbert, Germaine aliguna tu.

Adalbert alikuwa na duka la kompyuta lenye vioo mbele na diploma ukutani. Alimwambia mzee mashine imekufa, kilichobaki ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Kumbe ndani mlikuwa na kazi ya miaka saba ya mstaafu huyo wa reli: majina na masimulizi ya watu waliotoka kaskazini ya Katanga kuja kutandika njia, aliyoyakusanya kwa wajane mmoja mmoja. Na nakala nyingine hakuwa nayo. Germaine alimtazama kama mtu aliyeacha mtoto barabarani.

Aliiwasha. Ikakwama kwenye kioo cheusi, lakini diski ilisikika ikizunguka bila kugonga.

"Papa, disque iko nzima. Ni système ndiyo iliharibika. Ule bwana alitaka kubomoa nyumba sababu mulango inakwama."

Alichukua flashi isiyo na kitu cha maana, kwa kuwa kazi aliyotaka kufanya hufuta vyote vilivyomo, akaandika humo kwa kompyuta yake mfumo mwingine mzima, wa bure, ambao mashine ingeweza kuwaka nao bila kugusa ule wake ulioharibika. Akaichomeka kwenye mashine ya mzee, akaiwasha upya huku akibonyeza kitufe cha F12, akachagua flashi badala ya diski.

Adalbert, aliyekuwa akipita, alisimama mlangoni akasema kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba hizo ni mbinu za watoto. Germaine hakugeuka. Kioo kikawaka, folda za mzee zikajipanga, ya kwanza ikiitwa *Bantu ba reli*, yaani watu wa reli. Adalbert alisoma, kisha akaomba kwa sauti ya chini aazimwe ile flashi.

"Kwako kuko diploma," Germaine alimjibu. "Chomeka ile."

Kunakili faili kwenye diski nyingine kulichukua saa mbili. Faili mia mbili na kumi zilifunguka vizuri. Tatu zilitoka zikiwa alama tupu zisizosomeka, na moja kati yake ilikuwa maneno ya Mama Mumba, mmoja wa wale wajane, aliyezikwa mwaka uliopita. Papa Léonard aliifungua tena na tena. Mwishowe Germaine akamsogezea daftari na kalamu.

"Andika kile unakumbuka, papa. Sasa hivi, mbele ya kusahau."

Mzee akavuta kiti. Wateja wawili walikuja, Germaine akawaambia wangoje nje.