Kabureta Yangu Ndani ya Ndege

Binti yangu Mwanaisha alikuwa anaolewa Palma, Ijumaa baada ya sala, na walii wa kumuozesha ni mimi. Mdogo wangu Bakari, aliyekuwa hukohuko, alinishauri nimpe uwakala kwa simu. Nikamjibu kwamba mimi siozeshi mtoto kwa simu. Kutoka Pemba ya Msumbiji ninakokaa, barabara ina vizuizi vya siku nzima, basi nikakata tiketi ya ndege ndogo kama mkubwa wa serikali. Mkobani nilikuwa na kabureta ya injini ya boti, ya mteja wangu wa hukohuko Palma.

Saa nne asubuhi, uwanjani Pemba, tuliulizwa nani ana kitu chenye mafuta. Nikanyamaza. Kabureta nilishaikamua mwenyewe, na fundi wa miaka ishirini haulizwi maswali kama hayo.

Tulipokaribia Mocímboa, mji wa njiani, petroli ilianza kunuka. Mama Zuhura, mchuuzi wa samaki niliyeketi naye, nilishamwambia kuwa mimi ni mestre, fundi mkuu. Akanigeukia.

"Mestre, kinanuka nini?"

"Mpira wa tangi umepasuka," nikasema kitaalamu. Abiria wote wakaanza dua. Mimi nilishaanza kuushuku mkoba wangu, lakini utaalamu ulikuwa umeshanitoka mdomoni.

Rubani alitazama vipimo vya matangi yote mawili, akafungua matundu ya hewa, akatukataza kugusa simu, akatua Mocímboa. Pale chini alipanda bawani na kijiti cha kupimia. Mafuta yalikuwa kamili.

"Senhor mestre," akaniambia, "ndege hii inakunywa mafuta kama ya taa. Gasolina, petroli hiyo, imepanda na abiria."

Ningesema ukweli tungeondoka mapema. Nikaenda kukagua tairi.

Mizigo ikafunguliwa mmoja mmoja mbele ya askari. Wangu ulifikiwa mwisho.

"Ee, mestre!" akasema Mama Zuhura. "Kumbe tangi unalo wewe!"

Aibu ile simwombei hata adui. Kabureta ikabaki kwa askari. Adhana ya Ijumaa ilitukuta bado tunaipitishia ndege hewa, nikampigia Bakari.

"Nimekuwakilisha," nikasema, "umuozeshe Mwanaisha." Mama Zuhura akaitikia amin.

Saa tisa alasiri niliingia Palma. Pilau lilibaki ukoko. Mwanaisha akanikumbatia, akaninusa bega.

"Baba, hata leo?"

Jumapili nilirudi kwa gari, nikiwajibu askari wa kila kizuizi kwa adabu. Nimejifunza kwamba kabureta iliyokamuliwa hubaki na mafuta, jambo ambalo nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Mkono wa mkwe wangu aliushika Bakari, na ndoa ile hairudiwi ili niushike mimi.